Ni Damu ya Ukoo? Historia Fupi ya Ugonjwa wa Kusahau

Kuna binti mmoja katika kikundi chetu cha vijana ambaye mwaka jana alikuwa aolewe. Washenga walikuwa wamekuja mara mbili, mahari ilikuwa inazungumzwa, hata vitenge vya mama vilikuwa vimeshatajwa. Mara ya tatu hawakuja. Wakatuma neno tu: wamesikia kwamba katika ule ukoo wazee wanarudi utoto, na wao hawataki watoto wao wachukue hiyo damu.

Maneno yalianzia kwa koko yake. Koko amepita miaka 70. Alianza kwa kusahau majina, akaja kuuliza jambo moja mara tano kabla chai haijachemka. Halafu akaanza kutoka usiku. Usiku mmoja sungusungu walimkuta amesimama mbele ya mlango wa jirani, ameshika shitingi kwa mikono miwili, anamwita dada yake ambaye alikufa zamani kule Fizi. Mle ndani kulikuwa na mtoto mwenye homa. Kesho yake asubuhi, kwenye foleni ya chakula, neno lilikuwa limeshafika: yule mama ni mchawi.

Binti alinifuata baada ya mazoezi ya mpira. Hakulia. Aliniuliza swali moja tu: "Yaya, sema kweli. Ile ugonjwa iko mu damu yetu? Na mimi nitakuwa hivi?"

Sikuwa na jibu. Mimi nimeishia sekondari, biolojia niliyosoma ni ya kromosomu mbili tatu ubaoni. Lakini swali lake lilinikaa. Nikaanza kuuliza wahudumu wa afya, nikaomba vitabu, nikasoma kwa simu usiku mtandao ukiwa mwepesi. Nilichokuta ni historia ndefu kuliko nilivyodhani. Swali la binti huyu watu wameliuliza Ujerumani, Colombia na Nigeria, na kila mahali jibu lilikuja na kitu kipya. Naiandika hapa kwa sababu najua si yeye peke yake anayeuliza.

Mama wa Frankfurt

Mwezi wa Novemba 1901, mwanamke mmoja wa miaka 51 aliingizwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt, Ujerumani. Aliitwa Auguste Deter. Mume wake alikuwa karani wa reli. Mwanzo mke alianza kumwonea wivu bila sababu, halafu akaanza kuharibu chakula jikoni, kuficha vitu, kuzungukazunguka nyumbani na kupiga kelele. Angalieni, wasomaji wangu: hata huko Ulaya dalili za kwanza zilionekana kama tabia mbaya. Hazikuonekana kama ugonjwa.

Daktari aliyempokea aliitwa Alois Alzheimer. Alikaa naye, akamuuliza maswali madogo madogo na kuandika kila jibu. Jina lako nani? Mume wako anaitwa nani? Unakula nini? Mama alikuwa anakula nyama na anataja chakula kingine. Aliulizwa jina la mume, akataja jina lake mwenyewe. Akipewa kalamu aandike jina lake, anaanza, halafu anasahau alikuwa anaandika nini.

Auguste alikufa Aprili 1906. Wakati huo Alzheimer alikuwa amehamia Munich, akaomba ubongo wake aletewe. Akautazama kwa hadubini. Aliona vitu viwili: uchafu uliogandana katikati ya seli, kama madoa, na ndani ya seli nyuzi zilizojisokota kama uzi uliomshinda fundi. Novemba mwaka huohuo alisoma matokeo yake mbele ya madaktari wenzake mjini Tübingen. Hakuna aliyeuliza swali hata moja. Miaka minne baadaye, 1910, mkubwa wake Emil Kraepelin aliandika katika kitabu chake cha tiba jina ambalo dunia inalitumia mpaka leo: ugonjwa wa Alzheimer.

Lakini kulikuwa na kosa katika mwanzo huo. Kwa sababu Auguste alikuwa na miaka 51 tu, madaktari waliuhesabu ugonjwa huu kuwa wa watu wa makamo, tena wa nadra. Mzee wa miaka 80 akisahau watoto wake, walisema ni uzee tu. Mnamo 1968 watafiti wa Newcastle, Uingereza, walionyesha kwamba akili za wazee wengi waliokuwa wamerudi utoto zilikuwa na madoa yaleyale ya Auguste. Kumbe ni ugonjwa. Zaidi ya miaka 60 ilipita kabla ya kujua hivyo, na leo bado ukimpeleka mzee wako zahanati unaweza kujibiwa "ni uzee tu" na kurudishwa na panadol. Familia ya binti huyu walijibiwa hivyo.

Hapa niseme jambo la majina. Demensia ni jina la hali: kusahau na kuchanganyikiwa mpaka mtu hawezi kuendesha maisha yake mwenyewe. Alzheimer ni ugonjwa mmoja unaoleta hali hiyo, tena ndio unaoongoza. Yapo mengine, kama mishipa ya damu ya ubongo kuziba. Na kabla ya demensia kuna hatua ya kati: mtu anasahau kuliko wenzake wa umri wake, yeye mwenyewe anajua, watu wa nyumbani wanajua, lakini bado anapika, anahesabu pesa zake, anakwenda sokoni na kurudi. Mwaka 1999 daktari Ronald Petersen na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, waliieleza hatua hiyo vizuri ili ipimwe. Wengine katika hatua hiyo wanaendelea mpaka demensia, wengine wanakaa hapo miaka mingi, na wengine wanarudi sawa. Kwa hiyo mzee kusahau mahali alipoweka ndoo si hukumu.

Damu inaanza kusemwa

Jeni ni nini? Mimi naieleza vijana hivi: fundi cherehani ana patroni za karatasi. Nguo inatokana na patroni. Mwili wako nao una patroni zake, maelfu, zimepangwa juu ya kromosomu 46. Nusu umepewa na baba, nusu na mama. Patroni ikiwa na kosa, nguo inaweza kutoka na kosa. Inaweza pia kutoka salama, maana fundi ana ujanja wake.

Watafiti walianza kushuku kromosomu ya 21. Watu wenye hali ya Down wana kromosomu hiyo tatu badala ya mbili, na wengi wao wakifika makamo ubongo wao unajaa yale madoa. Mwaka 1984 George Glenner na Caine Wong walifaulu kutenga protini inayotengeneza madoa, wakaiita beta-amiloidi. Mwaka 1991 watafiti wa London walikuta kosa la jeni kwenye kromosomu ya 21 katika familia iliyokuwa inapoteza watu wake kwa Alzheimer mapema. Jeni hiyo inaitwa APP. Mwaka 1995 zikaongezeka mbili: PSEN1 na PSEN2.

Jeni hizi tatu ni kali. Ukirithi kosa lake kwa mzazi mmoja tu, karibu ni hakika utaugua, tena mapema: miaka 40, 50, mara nyingine hata 30 na kitu. Kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu, kama kurusha sarafu. Lakini shikeni hili: familia za namna hii ni chache sana duniani. Hazifiki mgonjwa mmoja katika kila 100 wa Alzheimer.

Na Auguste mwenyewe? Faili lake lilipotea miaka mingi, likapatikana Frankfurt mwaka 1995. Baadaye watafiti walichukua vipande vya ubongo wake vilivyohifadhiwa wakatafuta jeni. Kundi moja likasema limeona kosa kwenye PSEN1. Kundi jingine likapima tena mwaka 2014, halikuona kitu. Mgonjwa wa kwanza kabisa, na wataalamu hawakukubaliana kama ilikuwa damu ya ukoo au la. Mimi hilo lilinifundisha kuogopa mtu anayejibu haraka.

Ukoo wa milimani Colombia

Sehemu hii ndiyo niliyowasomea vijana, wakanyamaza kabisa.

Katika milima ya Antioquia, nchi ya Colombia, kuna watu ambao kwa vizazi na vizazi walianza kusahau wakiwa na nguvu zao. Baba wa miaka 45 anashindwa kurudi nyumbani kutoka shambani. Mama wa miaka 48 anamsahau mtoto wake wa mwisho. Wenyeji waliita hali hiyo *la bobera*, yaani upumbavu. Wengine walisema ni uchawi. Wengine walisema mtu amegusa mti mbaya. Unaona? Ungefikiri ni watu wa kwetu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 daktari kijana aliyeitwa Francisco Lopera alipata mgonjwa wa miaka 47 aliyekuwa amepoteza kumbukumbu. Akauliza habari za baba, babu, wajomba. Wengi walikuwa wameugua vilevile. Badala ya kuandika dawa na kumfunga faili, Lopera alikwenda vijijini. Alichora miti ya ukoo, akasoma vitabu vya ubatizo vya parokia, akafuata majina nyuma mpaka mamia ya miaka. Na hayo yalikuwa wakati wa vita: nchi ilikuwa na waasi, wanamgambo na wauza dawa za kulevya, na barabara za kwenda vijiji hivyo zilikuwa za hatari. Sisi tunaotoka Kivu tunajua maana ya kusafiri barabara kama hiyo kwa ajili ya mgonjwa.

Katikati ya miaka ya 1990 ikajulikana: ukoo ulikuwa na kosa moja kwenye jeni ya PSEN1. Hakuna aliyelogwa. Ukoo huo una watu kama 6,000, na karibu 1,200 wana kosa hilo. Kwa wastani wanaingia ile hatua ya kati kwenye miaka 44 na demensia kwenye miaka 49. Kosa hilo linaonekana lilifika na babu mmoja kutoka Hispania, wakati wa ukoloni.

Familia hizo zilikubali kutoa damu, na wengine walitoa hata ubongo wa marehemu wao. Kuanzia 2013 watu 252 wa ukoo huo walishiriki jaribio la dawa ya kuzuia ugonjwa kabla haujaanza. Mwaka 2022 matokeo yakatoka: dawa haikusaidia kwa kiasi cha kuhesabika. Mimi niliposoma hapo nilifunga simu nikalala.

Lakini mwaka 2019 lilitoka jambo jingine. Mama mmoja wa ukoo huo alikuwa na jeni kali kabisa, alitakiwa kuanza kusahau kwenye miaka 44. Hakusahau mpaka alipofika miaka ya 70. Walipompima walikuta ubongo wake umejaa madoa ya amiloidi, lakini nyuzi zile zilizojisokota zilikuwa chache. Kumbe alikuwa na badiliko jingine la nadra, kwenye jeni nyingine, lililorithiwa kwa baba na kwa mama pia, na badiliko hilo lilimlinda. Damu moja ilimhukumu, na damu hiyohiyo ikamtetea. Sasa watafiti wanatafuta dawa inayoiga ulinzi huo.

Jeni ya watu wengi, na jambo lililoonekana Ibadan

Ile jeni nyingine ya mama wa Colombia inaitwa APOE. Hii ndiyo inayotuhusu wengi, maana kila mtu anayo. Ina aina tatu kubwa: namba 2, 3 na 4. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walionyesha kwamba namba 4 inaongeza hatari ya Alzheimer ya uzeeni. Kwa watu wenye asili ya Ulaya, mwenye namba 4 moja ana hatari kama mara tatu ya mwenye namba 3 mbili. Mwenye namba 4 mbili, mara nane au zaidi. Lakini hii haifanani na PSEN1. Wapo wenye namba 4 mbili wanaokufa na miaka 90 wakiwa na akili timamu, na wapo wasio nayo wanaougua. Inaongeza hatari, haitoi hukumu.

Sasa twende Afrika. Mwaka 1992 watafiti wa Ibadan, Nigeria, na wa Indianapolis, Marekani, walianza kazi pamoja. Huku Wayoruba, kule Wamarekani weusi, ambao wengi mababu zao walichukuliwa kutoka upande huo wa Afrika. Wote wenye miaka 65 na zaidi. Wakawafuata miaka. Mwaka 2001 walitoa matokeo: kwa mwaka, Wayoruba 1.35 katika kila 100 walipata demensia. Indianapolis ilikuwa 3.24. Zaidi ya mara mbili!

Na APOE namba 4? Wayoruba wanayo kwa wingi. Ila kwao haikuonekana kuleta madhara kama kwa Wazungu. Baadaye, walipofuatwa miaka mingi zaidi, hatari ilionekana kwa wale Wayoruba wenye namba 4 mbili. Mwenye moja hakuonekana kuwa na hatari ya ziada. Watafiti wakaangalia chakula, mafuta katika damu, presha, kisukari, kazi za mwili. Jeni ni ileile, maisha si yaleyale, na matokeo hayakuwa yaleyale.

Nchi hii tunayoishi nayo imo katika historia hii. Katika wilaya ya Hai, chini ya mlima Kilimanjaro, watafiti walikwenda vijiji sita wakawapima watu 1,198 wenye miaka 70 na zaidi. Baada ya kusawazisha umri, 6.4 katika kila 100 walikuwa na demensia. Hapohapo Hai walitengeneza kipimo kifupi ambacho mtu asiyejua kusoma anaweza kujibu, kwa sababu vipimo vya Wazungu vilikuwa vinawaonea wazee ambao hawakusoma shule. Mzee asiyeweza kuchora saa si kwamba amepoteza akili. Labda hajawahi kushika kalamu.

Nilichomjibu binti

Nilirudi kwake baada ya wiki kadhaa. Nilimuuliza: koko alianza lini? Akasema baada ya miaka 70. Na mama yake koko? Kikongwe kabisa, wakati wajukuu wake wana watoto. Kuna mjomba, shangazi, mtu yeyote aliyeanza kwenye miaka 40 au 50? Akafikiri. Hapana.

Basi nikamwambia kwa maneno yangu, na muhudumu wa afya amekaa pembeni anisahihishe: hivyo haifanani na ule ugonjwa wa Colombia. Inafanana na ule unaopata wazee kila kabila na kila nchi. Mwenye mzazi au koko aliyeugua, hatari yake inapanda kidogo, sitakudanganya. Lakini mwaka 2024 wataalamu waliokusanywa na jarida la Lancet walihesabu kwamba karibu 45 katika kila 100 za demensia duniani zingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kama mambo 14 yangeshughulikiwa. Yamo: kukosa shule utotoni, presha, kisukari, sigara, pombe nyingi, masikio yasiyosikia, macho yasiyoona, kuumia kichwa, huzuni kubwa, na kukaa peke yako bila watu.

Akacheka kidogo. "Basi ni kambi yote iko na hatari, haiko sisi tu."

Alisema kweli. Wasomaji mnaofanya kazi za misaada, hilo neno lake mlichukue. Tuna vijana waliokatizwa shule. Tuna wazee waliopigwa vichwani wakati wa vita. Tuna wazee wasiosikia wala kuona vizuri, wanaokaa ndani peke yao mchana kutwa kwa sababu miwani haipo na foleni ni ndefu. Hizo si jeni. Na mzee akianza kuchanganyikiwa, apimwe kwanza: malaria, maambukizi, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo, huzuni, dawa anazokunywa, vyote vinaweza kufanana na demensia na baadhi vinatibika. Kumwambia "ni uzee" kabla ya kupima ni kumfungia mlango.

Nanyi majirani zangu. Mtu mwenye ugonjwa huu anapotea usiku kwa sababu ubongo wake umerudi kwenye nyumba ya zamani. Koko alikuwa anabisha mlango wa dada yake. Alikuwa Fizi, sisi ndio tulikuwa kambini.

Tulikwenda kwa familia ya kijana: mimi, mzee mmoja wa kanisa na muhudumu wa afya. Baba wa kijana alisikiliza kimya muda mrefu. Mwishowe mke wake ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, kwamba baba yake yeye, huko nyumbani, alikufa hamjui mtu hata mmoja, na wao walikuwa wamezoea kusema alilogwa na jirani. Yule jirani walimfukuza kijijini. Baada ya hapo hakuna aliyeongea mpaka chai ilipokuja.

Washenga wamerudi. Mahari bado wanavutana, hilo ni lao. Jirani mwenye mtoto bado hamsalimii koko. Mtoto alipona homa yake siku ya tatu. Koko sasa ana uzi mwekundu mkononi, binti amemfunga, na vijana wa kikundi wote wanaujua. Ukimwona mama mzee mwenye uzi mwekundu anatembea jioni peke yake, msalimie kwa heshima, mshike mkono, mrudishe. Ukimuuliza anakwenda wapi atakwambia anakwenda kwa dada. Usimbishie. Mwambie njia ni hii.